Ng'ombe wa Mwenye Chombo

Mwanangu Hamisi,

Salamu nimekwisha kukupa jikoni ulipokuwa unakula, na afya yangu unaijua, kikohozi changu unakisikia hapo ulipolala. Habari za blanketi, za maji ya njiani na za kutomwamini kila anayekuita ndugu umeambiwa na wanawake wote wa mtaa huu mpaka umechoka, kwa hiyo sitaongeza. Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu ili mtu wa Boma akiishika asiambulie kitu. Nimekuagiza usiifungue mpaka uvuke Moshi, uwe ndani ya gari la moshi, mahali ambapo huwezi kugeuka ukarudi kunifokea.

Unakwenda Tanga kuwa mkalimani wa mahakama. Ndevu bado hazijakuota, na tangu ulipopewa habari unatembea kama mtu aliyemeza fimbo. Umewaambia wenzako kwamba unafuata nyayo za mama yako, yule mjane aliyemshinda mwenye chombo wa Unguja kwa sheria ya Wadachi. Hadithi hiyo nimekulisha mimi mwenyewe, tena kwa mbwembwe, na kila nilipoisimulia niliikata mahali palepale. Leo siikati. Sababu yake ni kwamba shauri moja kati ya mashauri ya kwanza utakayotafsiri huko ni la Naserian wa Moshono, na anayeshitakiwa ni mimi.

Naam, Naserian yule unayemwita yeyo, yaani mama, kwa lugha yao. Mwanawe Lomayani, ambaye siku hizi anasoma kwa wamisheni na ameota kiburi cha kalamu, alipeleka shauri Boma kudai ng'ombe wa kwao. Bwana mkubwa wa Boma akasema hati iliyowachukua ng'ombe wale ilitoka Tanga, basi na shauri liende Tanga. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikashika mbavu. Utaelewa baadaye kwa nini, na utaelewa pia kwa nini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Baba yako Sefu alikuwa mchuuzi wa ngozi. Alizinunua huku kwa Waarusha na kule Akheri kwa Wameru, akazishusha pwani kwa wapagazi. Mwaka uliozaliwa alizipakia Pangani katika chombo cha mtu wa Unguja, Bwana Nasoro, tajiri mwenye vyombo na mikarafuu. Baba yako akapanda pamoja na mzigo wake, kwa sababu alikuwa mtu wa kutoamini hata kivuli chake. Huko kati, upande wa Pemba, bahari ikachafuka na nahodha akaamuru mizigo itupwe ili chombo kipone. Jambo hilo ni desturi ya bahari na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba aliacha mizigo ya tajiri wake akatupa ya wanyonge. Baba yako alizikumbatia ngozi zake akakataa kuziachia. Wakazitupa naye akizishika. Mabaharia wenyewe ndio walionisimulia, na mmoja alikuwa akitabasamu.

Baba yako alikuwa mpumbavu, Hamisi. Nilimpenda, na alikuwa mpumbavu. Ngozi za ng'ombe! Ukiwa baharini ukaambiwa achia, achia.

Ulikuwa mchanga wa miezi michache. Mimi nilikuwa na hasira kuliko maziwa. Niliamua kushuka pwani kudai mali na damu, na safari ile kwa miguu mtoto mchanga asingeiweza. Nikakupeleka Moshono kwa Naserian, mke wa Loishiye. Hao walikuwa marafiki zetu tangu tulipofika huku. Kimaasai changu nilifundishwa na Naserian tukiwa tunachambua maharage, na yeye Kiswahili chake kibovu alikipata kwangu. Alikuwa na mtoto wake wa kike, mkubwa kwako kwa siku chache tu. Alikupokea, akakutazama, akasema maziwa yapo ya wawili. Kwa sheria yetu aliyekunyonyesha ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako kama vile mmetoka tumbo moja. Hilo ulilijua, ulifundishwa chuoni, ila hukujua kwamba linakuhusu.

Nikafika Tanga. Mdachi wa mahakama alinisikiliza vizuri, akanipa hata kiti. Kisha akasema jambo lilitokea baharini, si katika nchi yake, na mwenye chombo anakaa Unguja, basi niende Unguja. Nikavuka Unguja. Kule kwa Waingereza wakaniuliza mapatano ya mzigo yalifanyika wapi. Nikasema Pangani. Wakasema Pangani ni kwa Wadachi, tena chombo chenyewe kinapeperusha bendera ya Wafaransa, basi niwaone Wafaransa. Mfaransa hakunipa kiti. Alimtuma mtumishi aje kuniambia kwamba mimi ni mtu wa Wadachi na niwasumbue Wadachi wangu. Mtu mmoja amekufa, na katika mataifa matatu halikupatikana hata moja linalosema maji aliyofia ni yake. Na bahari ile ile, siku ya kutoza ushuru, kila mmoja anayo sehemu yake.

Bwana Nasoro nilimwona kwa macho yangu, amekaa barazani kwake Malindi, anakula halua. Nilimsimamia mbele nikamwambia mimi ni mke wa Sefu. Akasema, Mungu amrehemu, akanisukumia sahani nionje. Nilionja, mwanangu. Nilikuwa na njaa.

Nikarudi Tanga nimekonda, na pale mahakamani karani mmoja mzee wa Kimvita akanihurumia, au alichoka kuniona. Akanieleza kitu ambacho wewe utakikuta kazini, kwa hiyo kielewe vizuri. Mahakama, alisema, haina miguu. Haiwezi kumfuata mtu ng'ambo. Lakini kila nchi mtu alimoacha mali yake, ameacha mkono wake ndani ya mlango. Ubane mlango, yeye mwenyewe atakuja akilia. Kikitia nanga chombo chake hapa, kizuiwe hapa. Kama chombo hakiji, tafuta kingine chake chochote kilichoko katika nchi ya Mdachi, kikamatwe hicho, naye asipokuja kujibu kitauzwa, na haki yako itatoka humo.

Chombo hakikuja tena Tanga wala Pangani, Nasoro si mjinga. Lakini mimi nilikuwa najua kitu. Nasoro aliwahi kutoa mtaji wa misafara ya huku bara, na baadhi ya ng'ombe waliobaki katika biashara ile walikuwa wanatunzwa huku huku Arusha. Walikuwa zizini kwa Loishiye.

Nikasema hayo mbele ya Mdachi. Akafurahi, maana alipenda sheria jinsi wengine wanavyopenda bao. Shauri la bahari lililokosa mlango Tanga, Unguja na kwa Wafaransa likapata mlango kwenye mteremko wa Mlima Meru. Hati ikaandikwa, ikapigwa muhuri, nami nikapanda nayo mpaka huku. Njia nzima sikukuwaza wewe. Nasema kweli. Nilikuwa nawaza uso wa Nasoro akiacha kutafuna.

Boma walinipa askari mmoja, mtu wa mbali, mkali, hajui Kimaasai hata cha kuombea maji. Tukaenda Moshono asubuhi, ng'ombe hawajatolewa. Naserian alinikimbilia akiwa amekubeba mgongoni na mwanawe kifuani. Ulikuwa umenenepa. Nilikugusa shavu, kisha nikamwambia asubiri kwanza, kuna kazi ya serikali.

Askari akasoma hati kwa Kiswahili, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee pale aliyejua lugha zote mbili sawasawa. Hivyo nikawa mkalimani. Ndiyo, Hamisi. Kazi unayokwenda kuianza, mimi niliifanya asubuhi moja.

Loishiye hakugoma. Aliingia zizini akawatenga ng'ombe wa Nasoro, wenye alama yao sikioni. Walikuwa wachache, wengine wazee, na mmoja kilema. Nilipowaona moyo uliniungua. Hao ndio thamani ya mume wangu? Askari naye akaona zizi limejaa ng'ombe na wanaotolewa ni wachache, akadhani anachezewa. Akamuuliza Loishiye hawa wengine ni wa nani.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mdachi halijui mpaka leo, na wewe umekua ukiliona bila kulifikiri. Waarusha na Wamaasai hawaweki ng'ombe wote mahali pamoja. Mtu humpelekea rafiki huyu jike, rafiki yule ndama, ili ugonjwa au wezi wakiingia zizi moja wasimalize mali ya ukoo. Kwa hiyo zizi la mtu mmoja ni la watu wengi, na kila mmoja wao anamjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa mama yake na kwa bibi yake. Loishiye alijibu pole pole, akinyoosha fimbo. Wale ni wa Naserian, alipewa siku ya kuolewa. Yule ni wa kaka yangu. Wale wawili ni wa mjane wa Engutoto. Yule mweusi ni wa mahari ya watu, hajakabidhiwa. Alimaliza kwa kusema, "Mimi nawatunzia watu tu."

Askari akanigeukia akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Anasema anamtunzia mwenye chombo."

Ni hayo tu. Sikupiga kelele, sikulia, sikutetemeka. Naserian alielewa kabla ya mumewe, kwa hicho Kiswahili chake kibovu nilichomfundisha. Aliacha tu kukubembeleza. Askari akawatoa ng'ombe wote, wakapandishwa barabarani kuelekea Boma, na ndama wakibaki nyuma wanalia.

Utaniuliza kwa nini. Nimejipa majibu mengi miaka hii. Nilikuwa na uchungu, nilikuwa mjane, ng'ombe wale wachache wasingetosha. Yote ni kweli na hakuna linalotosha. Jibu lililo karibu zaidi ni hili: nilikuwa nimetoka kutupwa na watu watatu wenye milango, na hatimaye mbele yangu alisimama mtu ambaye mimi ndiye mlango wake. Nikaona utamu. Ukikaa katika kile kiti cha ukalimani utauonja utamu huo, usije ukasema sikukuambia. Hauna ladha ya uovu. Una ladha ya haki.

Ng'ombe walizuiwa Boma wakimngoja Nasoro aje kujibu. Hakuja, hakutuma hata mtu. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu, lakini safari ile aliyekuwapo ndiye lake lilipotea. Kila asubuhi Naserian alikuja na kibuyu kuomba akamue ng'ombe wake mwenyewe, na kila asubuhi askari walimfukuza kwa sababu mali iliyokamatwa haiguswi. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nakaa pale barazani kwa ajili ya shauri langu, na nilikuwa nageuza uso kutazama mlima.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwake bado. Nilikuacha kule. Nilichukua ng'ombe wa mwanamke yule na mtoto wangu nikamwachia titini, kwa kuwa nilikuwa na shughuli. Kuna siku nasema ni ukatili, na kuna siku nasema ni upumbavu tu. Nikiwa peke yangu najua kwamba nilikuwa na hakika hatakudhuru, na hakika hiyo niliitumia kama mtu anavyotumia punda wa jirani.

Kwao nyumba isiyo na maziwa haina chakula, na mwaka ule mahindi yalikuwa haba. Titi la mtu mwenye njaa halitoshi watoto wawili. Alichofanya Naserian nilikuja kukijua baadaye kwa jirani yake, kwa maana yeye mwenyewe hajawahi kukitaja. Alikunyonyesha wewe kwanza. Mwanawe alipata kilichobaki. Wewe ulikuwa amana, mali ya watu, na amana kwao haipunguzwi.

Siku alipokurudisha ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa. Alikuja peke yake, na kifua chake kilikuwa kitupu. Sikuuliza mtoto yuko wapi. Alikuweka mikononi mwangu akasema, "Amana yako. Amenyonya leo. Kesho mtafutie."

Jina la yule mtoto nalijua lakini silitaji, maana wao jina la marehemu hawalitamki, na angalau hilo naweza kuliheshimu. La Loishiye nalitaja kwa sababu bila hilo usingeelewa kitu. Alikwenda kubeba mawe katika mashamba ya masetla ili alipe watu ng'ombe wao, mmoja mmoja, na alikufa kabla hajamaliza. Mimi nilipata fedha zangu. Zilijenga nyumba hii, zikafungua duka, na siku ile ile aliyokurudisha zilikununulia maziwa ya mbuzi.

Ulipoanza kutembea ukaanza kutorokea Moshono. Nilikuchapa, unakumbuka, mpaka mara moja nikakuvunja kidole. Ulidhani nakukataza kwa ajili ya dini. Sikuwa na dini yoyote siku zile. Nilikuwa naogopa kwamba atakuambia, na kila uliporudi nilikukagua uso nione kama umeambiwa. Hakukuambia. Alikupa maziwa, akakufundisha Kimaasai safi kuliko changu, akakurudisha umeshiba. Nilimchukia kwa hilo kuliko ambavyo ningemchukia kama angenipeleka kwa Mdachi.

Sasa nifike mahali pa kukuumiza. Hukuchaguliwa kwa mwandiko wako, wala kwa kile Kijerumani unachojisifia. Nilipopata habari kwamba shauri la Lomayani limepelekwa Tanga, nilimwendea karani wa Boma na kitambaa na sukari nikamwambia mahakama ya Tanga haina mtu wa kujua Kimaasai, na mwanangu anakijua. Wewe umeandikwa kwa jina la baba yako, mimi nimeshitakiwa kwa jina la baba yangu, na hakuna Mdachi atakayetuunganisha. Nilitaka siku Naserian atakaposimama kueleza ng'ombe walikuwa wa nani, atakayesimama kati yake na jaji awe wewe. Nilikusudia kukufundisha neno la kusema. Ningekuambia huyo bibi kizee anataka kutunyang'anya nyumba, nawe ungeniamini, kama ulivyoniamini siku zote.

Mpango ule haukunikosesha usingizi. Usinisingizie toba ambayo sina. Kilichotokea ni kwamba jana ulirudi kutoka kumuaga, na mate yake yalikuwa yamekauka katika paji la uso wako, hukuyafuta. Amekubariki kwa desturi yao. Anajua unakwenda mahakama gani na anajua ni shauri gani linalokungoja, Lomayani amemwambia yote. Alikuwa na wewe nusu siku nzima, angeweza kukueleza, angeweza kukuomba neno moja tu la kweli. Nilikuuliza alikuambia nini. Ukasema, "Ameniambia nisilale na njaa." Nikaondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Kwa mara nyingine ananilelea mwanangu kwa gharama yake, na mimi nimekaa barazani natazama mlima.

Basi nimekuambia. Sikuombi useme ninavyotaka, na sikuombi useme anavyotaka. Lakini usidhani nakuacha huru kwa upole. Ukitafsiri sawasawa, hati ile ile niliyomletea Loishiye itarudi kwangu. Watakamata nyumba, duka, na kitanda hiki ninachoandikia, nami kwa umri huu nitalala kwa watu. Sitakusamehe upesi. Pengine sitakusamehe kabisa, mimi najijua. Ukitafsiri kama nilivyotafsiri mimi, utanilisha mpaka nife, na nitakula, kwa kuwa hata halua ya Nasoro niliila. Tofauti ni moja. Mimi pale zizini nilikuwa najua, na nilikuwa nimekusudia wewe ufanye bila kujua, ili dhambi ibaki yangu peke yangu. Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa nimekuandalia, na leo nimekunyima.

Atasimama mbele yako na atazungumza pole pole, kwa sababu anadhani bado wewe ni mdogo. Humo ndani watakuwamo Mdachi, Lomayani, mimi, na askari mlangoni. Akimaliza jaji atakugeukia, atakuuliza, "Anasema nini?"

Mimi nitakuwa nimekaa nyuma yako. Sitakohoa.

Zaituni binti Fundi Omari,
niliyekuzaa tu.